Haut-Katanga: Uvimbe usio na jina, na sindano isiyofika Mulungwishi

Mtu akigeuka manjano machoni huko Mulungwishi, njia atakayopita inajulikana na karibu kila mkaaji wa kandokando ya barabara ya kitaifa namba 1. Kwanza dawa ya malaria. Baadaye dawa ya tifoidi. Kisha mizizi ya nyumbani, au maombi, au vyote viwili. Mkojo unakuwa mweusi kama chai kavu, choo kinakuwa cheupe, mwili unawasha usiku kucha, suruali inaanza kuanguka kiunoni. Mwezi wa pili au wa tatu familia inatafuta gari la kwenda Likasi. Huko ekografia inaonyesha mirija ya nyongo iliyopanuka na kitu fulani kwenye kichwa cha kongosho, kiungo ambacho madaktari wanakiita pankreasi. Daktari anaandika neno uvimbe, anaongeza alama ya kuuliza, anamwelekeza mgonjwa Lubumbashi.

Karatasi yenye alama hiyo ya kuuliza ni kitu cha kawaida katika hospitali za Kongo, na wagonjwa wengi wa tumbo hufa kabla alama haijaondolewa. Ili kuiondoa kunahitajika kitu ambacho ekografia na skana haviwezi kukitoa: kipande cha uvimbe wenyewe, kilichochukuliwa mwilini, kikakatwa vyembamba, kikapakwa rangi na kuangaliwa kwa mikroskopi na daktari aliyesomea kazi hiyo. Ndiyo biopsi. Kwa uvimbe wa titi au tezi ya shingo, kazi ni nyepesi: daktari anaugusa kwa vidole, anachoma sindano, anavuta. Kongosho ni jambo lingine. Limejificha nyuma ya mfuko wa chakula, limeegemea uti wa mgongo, na limezungukwa na mishipa mikubwa ya damu. Kwa miaka mingi njia kuu ya kulifikia ilikuwa kisu, yaani kumfungua tumbo mtu ambaye tayari amebaki mifupa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 njia mpya ilipatikana. Huko Denmark, daktari Peter Vilmann na wenzake walitumia bomba la endoskopi lenye kichwa kidogo cha ekografia kwenye ncha yake, wakapitisha ndani ya bomba hilo sindano ndefu, na mwaka 1992 wakachapisha habari ya vipimo walivyochukua kwenye kongosho bila kupasua. Ujanja wake ni wa mahali. Ukiwa nje ya tumbo, kati yako na kongosho kuna mafuta, utumbo na hewa, na hewa inazuia mawimbi ya ekografia. Ukiwa ndani ya mfuko wa chakula, kongosho liko nyuma ya ukuta tu. Daktari anaona uvimbe kwenye kioo, anaona mishipa ya damu ikiwaka rangi, anachagua pahali pasipo na mshipa, anasukuma sindano kupitia ukuta wa mfuko hadi ndani ya uvimbe. Mgonjwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Mara nyingi anarudi nyumbani siku ileile. Madhara, kama vile kutoka damu, maambukizi au kuvimba kwa kongosho, yanawapata wachache, mmoja au wawili katika kila wagonjwa mia.

Mwuguzi yeyote wa Mulungwishi anazijua namba za sindano hiyo, maana ni zilezile zilizoandikwa kwenye sindano za kawaida za dawa: 19, 22 na 25. Kadiri namba inavyopanda, sindano inakuwa nyembamba zaidi. Ile ya 19 ina unene wa milimita 1.1 hivi, ya 22 milimita 0.7, ya 25 nusu milimita. Tofauti iko kwenye urefu, kwa kuwa hii inapita ndani ya bomba zima la endoskopi na inazidi mita moja, na iko pia kwenye ncha. Sindano za kwanza zilikuwa na ncha ya kawaida iliyokatwa kwa mshazari. Zilivuta chembe zilizotawanyika, kama mtu anayechovya kidole kwenye unga. Chembe hizo zinaweza kumwonyesha mtaalamu kwamba kuna kansa, lakini mara nyingi haziwezi kumwambia ni kansa ya aina gani. Zaidi ya hayo, zilihitaji mtaalamu akae palepale kwenye chumba cha endoskopi na mikroskopi yake, aangalie kila mchomo na kusema kama kilichopatikana kinatosha au la.

Sindano za kizazi cha pili zina ncha zilizochongwa kwa namna nyingine: moja ina meno matatu kama taji, nyingine ina ncha kama uma, nyingine ina mdomo ubavuni. Zote zimetengenezwa ili zikate kijipande kamili cha nyama, chenye umbo lake, badala ya kuvuta chembe tu. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika hospitali za nchi kadhaa kwa wagonjwa wapatao 800 wenye uvimbe wa kongosho. Ulilinganisha wale waliochomwa sindano hizi mpya mbele ya mtaalamu wa mikroskopi na wale waliochomwa bila yeye kuwepo. Matokeo yalikuwa karibu sawa. Huko Ulaya jambo hilo lilipokewa kama njia ya kuokoa muda na pesa. Likisomwa kutoka Katanga lina maana kubwa zaidi, kwa sababu katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara hakuna hata mtaalamu mmoja wa anatomo-patolojia kwa kila watu nusu milioni, wakati Marekani na Uingereza zilihesabiwa kuwa na mmoja kwa kila watu 15,000 hadi 20,000. Kumkalisha mtaalamu huyo kwenye chumba cha endoskopi asubuhi nzima ni ndoto. Kumpelekea kijipande kizuri ndani ya chupa kunawezekana.

Kuna wanaouliza, na swali lao ni la haki, kama inafaa kusumbuka hivyo kwa ugonjwa unaoua karibu kila anayeupata. Takwimu za kimataifa za mwaka 2022 zilikadiria wagonjwa wapya wa kansa ya kongosho wapatao 511,000 duniani, na vifo vipatavyo 467,000. Hata Marekani, yenye kila kifaa, ni wagonjwa 13 hivi tu kati ya 100 wanaoishi miaka 5 baada ya kugunduliwa. Kwa nini basi kumtoa mama Mulungwishi, kumpandisha basi, kumchoma sindano ya bei ghali, ili aambiwe kile ambacho familia ilishakishuku?

Jibu la kwanza ni kwamba si kila uvimbe wa kongosho ni kansa hiyo. Kongo imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu, na ukanda wa machimbo, wenye vumbi la mawe na watu waliobanana, unajua ugonjwa huo vizuri. Kifua kikuu hakikai kwenye mapafu peke yake. Kinaweza kuvimbisha tezi za tumbo zilizo karibu na kongosho, au kongosho lenyewe, na kwenye skana kikafanana na kansa kabisa: uvimbe uleule, umanjano uleule, kukonda kulekule. Tofauti inaonekana kwenye kijipande. Sehemu yake inaweza kupitishwa kwenye mashine ya GeneXpert, ambayo programu ya kitaifa ya kifua kikuu imeisambaza katika miji mingi ya Kongo kwa ajili ya makohozi. Na dawa za kifua kikuu ni za bure. Mtu aliyerudishwa nyumbani akafe angeweza kumeza vidonge kwa miezi 6 au zaidi kidogo na kurudi shambani.

Ziko nyingine. Limfoma, kansa ya tezi, inatibiwa kwa dawa na wengine wanapona. Kuna vivimbe vya kongosho vinavyokua polepole, na mwenye navyo anaweza kuishi miaka mingi. Kuna kuvimba kunakotokana na mwili kujishambulia wenyewe, ambako kunatulia kwa prednisolone, kidonge kinachouzwa katika kila duka la dawa la Likasi. Kwa ekografia ya kawaida, vyote hivyo vinaandikwa kwa neno lilelile na alama ileile ya kuuliza.

Jibu la pili linahusu pesa za familia, na hapa ndipo wakaaji wa Katanga wanapoumia zaidi. Mgonjwa asiye na jina la ugonjwa wake hasimami Lubumbashi. Mwenye ndugu mwenye uwezo anavuka Kasumbalesa kwenda Ndola au Lusaka. Mwenye uwezo zaidi anapanda ndege kwenda Afrika Kusini au India. Wa Bukavu na Goma walizoea kutazama Kigali, Kampala au Nairobi. Kiwanja kinauzwa, gari linauzwa, watoto wanatolewa shule. Huko mbali, kitu cha kwanza anachofanyiwa mara nyingi ni biopsi ileile aliyoikosa nyumbani, na jibu likiwa ni kansa iliyokwisha kusambaa, anarudishwa na barua na dawa ya maumivu. Angeambiwa hivyo Lubumbashi, kiwanja kingebaki na watoto. Daktari angeshughulika na kile kinachowezekana karibu: kuipitisha nyongo njia nyingine kwa upasuaji au kwa kijibomba ili kuwasha na umanjano vipungue, morfini kwa maumivu, na wakati wa kupanga mambo ya nyumbani. Uhakika huo una thamani hata pale dawa inapokosekana.

Tatizo linarudi kwenye bei. Sindano moja ya aina hii inauzwa kwa mamia ya dola za Marekani, inatumika kwa mgonjwa mmoja, kisha inatupwa. Mashine yenyewe, yaani bomba lenye kichwa cha ekografia pamoja na kompyuta yake, inapita kwa urahisi dola 100,000. Bomba hilo ni laini kama jicho. Likigongwa au likioshwa vibaya linaharibika, na fundi wake hapatikani kila mji. Linahitaji maji safi, dawa maalumu za kuua vijidudu, na umeme usiokatika katikati ya kazi. Hapo mtu wa Likasi anaruhusiwa kucheka kidogo: bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, lililojengwa wakati wa ukoloni ili kulisha machimbo, haliko mbali, na bado mitaa ya mji inakaa gizani wakati viwanda vinawaka.

Kuna pia jaribu ambalo ni afadhali kulitaja mapema. Pahali penye uhaba, kitu cha kutumia mara moja hutumika mara tano. Sindano ya echo-endoscopie ikichemshwa na kurudishwa kwa mgonjwa mwingine inaweza kumpelekea hepatiti B au virusi vya ukimwi, na ncha yake iliyokwisha kuwa butu haikati tena kijipande, inaponda. Mashine itakayokuja bila bajeti ya kudumu ya sindano italeta hatari hiyo pamoja nayo.

Kwa hiyo madai yanayosikika mara kwa mara, kwamba kila mji wa machimbo upewe mashine kubwa ya kisasa, yanastahili kupimwa kwa utulivu. Mashine inapigwa picha siku ya kukabidhiwa, wakubwa wanakata utepe, na baada ya muda inabaki chini ya kitambaa kwa kukosa kipuri cha dola 300. Likasi haihitaji echo-endoscopie kesho asubuhi. Inahitaji vitu viwili vya bei ndogo zaidi, ambavyo bila hivyo hata echo-endoscopie ya Lubumbashi haitafaa kitu.

Cha kwanza ni biopsi ya kupitia nje. Wagonjwa wengi wanaofika na uvimbe wa kongosho wamechelewa, na ini lao tayari lina madoa. Doa la ini linafikika kwa sindano ya kukatia kupitia ngozi, daktari akiongozwa na ekografia ya kawaida, ileile inayotazama mimba. Sindano hiyo ni nene zaidi, ni fupi, na bei yake haikaribii ile ya echo-endoscopie. Jibu linalotoka kwenye ini ni jibu la uvimbe wote. Tezi ya shingo iliyovimba inatoa jibu kwa sindano ya kawaida na bomba la mililita 10. Hata yule ambaye uvimbe wake bado ni mdogo na unaweza kuondolewa wote, miongozo ya upasuaji inamruhusu daktari ampasue moja kwa moja bila kusubiri biopsi. Wanaobaki na haja ya kweli ya sindano ndefu ni wale ambao uvimbe wao umefichika, hauwezi kuondolewa, na haujatoka nje ya kongosho, pamoja na wale wanaoshukiwa kuwa na kifua kikuu cha ndani. Ni watu wa kweli na haki yao ni ileile, ila idadi yao inaweza kuhudumiwa na kituo kimoja kwa Haut-Katanga, Lualaba na majimbo ya jirani. Kituo hicho mahali pake ni Lubumbashi, kwenye chuo kikuu, ambapo madaktari wanafundishwa.

Cha pili ni maabara ya anatomo-patolojia inayojibu kwa wakati. Kijipande kikitoka mwilini kinaanza kuoza palepale. Kinatakiwa kiingizwe ndani ya formoli ya asilimia 10, na formoli hiyo ijae mara kumi kuliko kijipande. Kikifika maabara kinakaushwa maji, kinawekwa ndani ya nta, kinakatwa kwa wembe wa mashine hadi unene wa elfu chache za milimita, kinapakwa rangi ya zambarau na ya waridi. Baada ya hapo ndipo jicho la daktari linafanya kazi. Hatua yoyote ikikosewa, dola zote za sindano zimekwenda bure. Lubumbashi ina madaktari wa fani hiyo, wachache. Wanafanya kazi kwa mji wenye mamilioni ya watu na kwa majimbo yanayouzunguka, na kijana anayemaliza udaktari anaona kwamba mwenzake wa upasuaji au wa magonjwa ya wanawake anapata pesa haraka kuliko yule anayekaa na mikroskopi. Hilo halibadiliki kwa hotuba.

Nchi za jirani zimeonyesha kwamba mlolongo huu unaweza kuanzia chini. Malawi ilifungua maabara ya anatomo-patolojia katika hospitali kuu ya Kamuzu, Lilongwe, mwaka 2011, kwa ushirikiano na chuo kikuu cha North Carolina cha Marekani. Picha za mikroskopi zilipitishwa kwenye intaneti, na madaktari wa pande zote mbili wakazijadili kila wiki. Mfano wa Rwanda hauwafurahishi wasomaji wengi wa Kongo wakati huu, na sababu zake hazihitaji kuelezwa, lakini katika jambo hili ni vigumu kuuruka. Butaro ni milimani, mbali na Kigali. Mwaka 2012 kilifunguliwa hapo kituo cha kansa. Mwanzoni vijipande vilisafirishwa hadi Boston, Marekani, ili visomwe; baadaye maabara ikajengwa palepale. Walianza na chupa ya formoli na ndege, kabla ya mashine kubwa.

Katika Haut-Katanga suala hili lina upande mwingine ambao Lilongwe haina. Watu wa Likasi, Kambove na Mulungwishi wanaishi juu ya shaba na kobalti, na uranium ya Shinkolobwe haiko mbali. Mwaka 2009 watafiti wa chuo kikuu cha Lubumbashi na cha Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo vilivyoonyesha kwamba wakaaji wa karibu na machimbo na viwanda vya Katanga, hasa watoto, walikuwa na kobalti nyingi sana mwilini. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, lenye makao Lyon, Ufaransa, liliiweka kobalti ya chuma katika kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha kansa kwa binadamu. Kutoka hapo hadi kusema kwamba uvimbe wa fulani umeletwa na kiwanda fulani ni mbali sana, na hakuna anayeweza kulisema kwa haki kuhusu kongosho. Ugumu uko hapo hapo: hakuna anayeweza kulisema, na hakuna anayeweza kulikanusha pia. Takwimu za kansa zinazotajwa kwa Kongo ni makadirio yanayoegemea kwa sehemu kubwa hesabu za nchi jirani. Kampala ina daftari la kansa tangu miaka ya 1950. Ukanda wa shaba wa Kongo, uliochimbwa kwa zaidi ya karne moja, hauna la namna hiyo.

Kampuni ikishtakiwa inajibu kwamba hakuna ushahidi. Ni kweli, hakuna. Ushahidi ungetoka kwenye vijipande elfu kadhaa vilivyosomwa, vikaandikwa pamoja na umri, kazi na kijiji cha kila mgonjwa, kwa miaka kumi au ishirini. Kila anayezikwa na alama ya kuuliza anaondoka na mstari wake wa daftari hilo. Mashirika ya kiraia yanayodai maji safi na fidia yangefaa kuiweka maabara kwenye orodha ya madai yao, pamoja na visima na madarasa.

Pesa je? Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inajulikana. Mrabaha wa madini unagawanywa: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 mamlaka za mitaa ambako machimbo yako, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya hayo, kila kampuni inatakiwa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Kobalti, iliyotangazwa kuwa madini ya kimkakati mwaka huohuo, ilipandishiwa mrabaha hadi asilimia 10. Mwaka 2025 ulionyesha udhaifu wa kuitegemea: Februari serikali ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ili kuokoa bei, na Oktoba ikaufungua kwa viwango vilivyopimwa. Shaba iliendelea kutoka. Malori yaliendelea kupita mbele ya Mulungwishi mchana na usiku.

Miradi inayochaguliwa kwa pesa hizo inafanana kila mahali: shule, kisima, kituo cha afya chenye kuta mpya, pengine gari la wagonjwa. Hakuna anayeweza kulaumu kijiji kwa kuchagua maji. Udhaifu uko kwenye mpangilio wenyewe, kwa sababu maabara ya Lubumbashi si mali ya sekta yoyote iliyo kwenye machimbo, na kwa hiyo haina anayeiomba, ingawa ingewahudumia wote. Kitu kama hicho kinaweza kujengwa na sehemu ya jimbo, ile asilimia 25, au na sekta kadhaa zikikubali kuchanga pamoja. Mpango wa kitaifa wa afya kwa wote, ulioanza Septemba 2023 Kinshasa kwa uzazi wa bure na matunzo ya watoto wachanga, ulichagua vizuri pa kuanzia. Kansa haimo, na haitaingia karibuni. Jimbo lenye shaba halilazimiki kusubiri Kinshasa kwa kila kitu.

Hesabu yenyewe si ya kutisha. Mikroskopi, mashine ya kukatia, nta, rangi, betri na paneli za jua za kulinda kazi umeme wa SNEL unapokatika, mafundi wanne au watano waliofunzwa, masomo ya madaktari wawili au watatu katika fani hiyo na mshahara wa kuwazuia wasiondoke: vyote kwa pamoja ni sehemu ndogo ya kile ambacho mgodi mmoja mkubwa unalipa kwa mwaka. Baada ya hapo Likasi inaweza kupewa sindano za kukatia na daktari aliyezoezwa kuzitumia. Ekografia ipo. Na vijipande vikianza kusomwa kwa mfululizo, jimbo litajua kwa namba ni wangapi ambao sindano ya nje haikuwafikia, na hapo ununuzi wa echo-endoscopie utakuwa na hesabu yake, pamoja na bajeti ya sindano za mwaka mzima. Nairobi na miji ya Afrika Kusini, ambako kifaa hicho kinatumika, zilikuwa na maabara zao kwanza.

Kwa wakati huu kazi ya usafirishaji ni ya familia. Daktari akifaulu kutoa kijipande, mara nyingi anamkabidhi ndugu wa mgonjwa chupa ndogo iliyofungwa kwa plasta, jina limeandikwa kwa kalamu, na kumwambia aipeleke Lubumbashi, kilomita 120 hivi kutoka Likasi. Chupa inapanda basi, juu ya magoti ya kijana ambaye hajui kwamba formoli ikimwagika na kijipande kikakauka, itabidi mama yake achomwe tena. Analipa maabara, anapewa tarehe ya kurudi, analala kwa shangazi au anarudi nyumbani kusubiri. Siku ya kuchukua jibu anahitaji tena nauli, na si wote wanaoipata mgonjwa akiwa angali hai.